Mshauri Mwelekezi Aliyeamini Kila Tulichomwambia

Niboye, Kicukiro,
Kigali.

Ndugu Mhariri,

YAH: MALALAMIKO JUU YA MSHAURI WA KUAMINIKA TULIYEMPATA KWA KUFUATA JARIDA LAKO

Pokea salamu za msomaji wako wa siku nyingi, ambaye hulisoma jarida lako kuanzia jalada hadi matangazo ya mashine za kusaga. Naitwa Zephaniah. Ni Meneja wa Uendeshaji katika kampuni ya kukodisha mahema na viti vya harusi. Nilikulia Karagwe, Tanzania, ndiyo maana nakuandikia kwa Kiswahili. Lakini adabu niliyofunzwa nyumbani ilikuwa ya Kinyarwanda, na hiyo ndiyo iliyoniponza.

Mwanzoni mwa mwaka mlichapisha mwongozo wa kumpata mshauri mwelekezi wa kuaminika, wa mambo ya uongozi, ushirikiano kazini na miradi ya programu za kompyuta. Mlisema tutafute mtu mkweli, msikivu, anayeandika anachoambiwa bila kuongeza chumvi. Mkurugenzi wetu, Mama Mukankusi, alinikabidhi kazi hiyo. Nikatafuta, nikampata Bwana Dominic Kamau wa Nairobi. Ni mkweli. Ni msikivu. Chumvi haongezi hata chembe. Na mwisho wa mwezi huu mimi sina kazi.

Naomba nitoe malalamiko yangu kwa mpangilio, nisije nikadhaniwa nina hasira. Nina hasira.

1. Bwana Kamau anaamini anachoambiwa. Siku ya kwanza alimwita kila mfanyakazi peke yake na kumuuliza anafanya kazi gani hasa. Ndugu Mhariri, wewe ni mtu mzima. Mtu aliyelelewa akaleleka, akiulizwa swali kama hilo, hawezi kuanza kujimwagia sifa kama mchuuzi wa dawa ya kunguni. Kizuri chajiuza. Nilijibu kama marehemu baba angejibu: kwamba mimi sifanyi la maana, kazi ni ya Mungu na vijana. Kisha nikatulia, nikisubiri aseme kile ambacho binadamu yeyote angesema, kwamba mzee acha unyenyekevu, hebu tueleze. Hapo ningekataa tena kidogo, halafu ningeanza kueleza polepole. Bwana Kamau alisema asante sana, akamwita mwingine.

Ripoti yake imeandika hivi: "Majukumu ya Meneja wa Uendeshaji: hakuna la maana. Hutekelezwa na Mungu na vijana." Pendekezo: cheo kifutwe, kwa kuwa watekelezaji wapo na hawajalalamika.

2. Si mimi peke yangu. Conrad, dereva wetu wa lori, alimwambia, "Mimi iko dereva tu, kazi yote iko kwa Cécile." Cécile, ambaye ni mhasibu, akasema yeye anajumlisha tu, mwenye kazi ni Conrad. Kwa mujibu wa ripoti, mahema yetu husimama yenyewe.

3. Ikafuata siku ya kujenga ushirikiano. Tulipelekwa kwenye hoteli moja yenye bustani, tukakaa duara, tukaambiwa kila mmoja amtajie mwenzake kosa lake bila kumficha. Kwanza tuliyasifu maua ya bustani, mmoja baada ya mwingine. Mwisho Cécile akajitolea: kosa la Conrad ni kwamba anafanya kazi kupita kiasi. Conrad akashukuru, akasema kosa la Cécile ni kwamba anajali watu mno. Mimi nikaambiwa nina huruma iliyozidi. Tulipigiana makofi, tukala mishikaki, tukarudi nyumbani tukipendana kama tulivyokuwa. Mngedhani yameishia hapo.

Wiki iliyofuata Bwana Kamau alianza kututibu. Conrad, kwa kosa la kufanya kazi kupita kiasi, alipewa mapumziko ya lazima kila Jumamosi. Jumamosi, Ndugu Mhariri, kwa kampuni ya harusi! Cécile aliandikishwa kozi ya kupunguza kujali. Alifaulu vizuri sana, na tangu hapo simu ya mteja ikilia saa za chakula anaitazama tu.

Hivyo Jumamosi moja hema la posa kule Ndera halikufika kwa wakati. Wazee wasemaji wa pande mbili walishindana kwa maneno matamu juu ya ng'ombe wa mahari huku mvua ikiwanyeshea, na hakuna aliyekatiza hotuba, maana hotuba ya posa haikatizwi kwa sababu ya hali ya hewa. Nilimpigia baba wa bibi harusi kuomba radhi. Akasema, "Nta kibazo rwose, hakuna tatizo kabisa, ilikuwa nzuri sana." Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hatatukodi tena hadi kiama. Bwana Kamau alikuwa kando yangu. Aliandika: mteja ameridhika.

4. Kuhusu mfumo wa kompyuta. Alitutengenezea programu ya kufuatilia viti, ambayo hairuhusu lori kuondoka mpaka kila kiti kimepigwa picha, kimoja kimoja, mbele na nyuma. Harusi ndogo ya kwetu ina viti mia nne. Alituonyesha hatua kwa hatua, na kila hatua akauliza kama tumeipenda. Tulisema tumeipenda. Conrad alisema hajawahi kuona kitu kama hicho, jambo ambalo lilikuwa kweli. Ningemwambiaje kijana wa watu, aliyesafiri kutoka Nairobi akiwa na kompyuta mgongoni, kwamba alichokitengeneza ni balaa? Nilidhani angetutazama usoni. Wanaojua kusoma uso wamekwisha, au hawana vyeti.

5. Mwisho, na hili ndilo linaloniuma. Mama Mukankusi aliniita ofisini kwake, ripoti ikiwa mezani, akaniuliza kama nakubaliana nayo. Nimefanya kazi na mama huyu tangu kampuni ilipokuwa na turubai moja lililotoboka. Najua alitaka nikatae. Nilimwona akiifungua na kuifunga ile kalamu yake. Lakini ripoti ilikuwa yake, ameigharamia, na muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nikasema ni ripoti nzuri sana. Naye, kwa adabu, hakuweza kunibishia. Tukashukuriana, nikatoka nikiwa nimefutwa kazi.

Ndugu Mhariri, niruhusu niweke adabu kando kwa mistari michache. Ni mimi ninayejua barabara ipi ya Ndera hulikwamisha lori. Ni mimi ninayempigia shangazi wa bibi harusi kumtuliza, na ni mimi ninayejua ukoo upi usikalishwe karibu na spika. Naipenda kazi hii. Naitaka. Sentensi hiyo sijawahi kumwambia mtu yeyote.

Kwa hiyo naliomba jarida lako litoe mwongozo mpya, wenye mambo yafuatayo:

(a) Mshauri wa kuaminika awe ni yule asiyemwamini mtu. Kabla ya kuajiriwa apelekwe nyumbani kwa watu, akaribishwe chakula. Akikubali papo hapo, arudishwe alikotoka.

(b) Kama vile kijana hachumbii bila mshenga wa kuulizia ukoo, mshauri naye awe na mshenga, mtu mzima wa hapa hapa, akae nyuma yake na kumnong'oneza kwamba huyu aliyesema ndiyo amekataa.

(c) Kila kampuni ya Kigali ilazimishwe kuajiri Afisa wa Kukataa. Kwa kuwa kazi hiyo sisi hatuiwezi, aletwe kutoka nje. Niliwahi kufanya kazi na dada mmoja wa Kisumu, Akinyi, ambaye alikuwa akisema hapana asubuhi kabla hata ya salamu. Watu wa namna hiyo wapewe vibali vya kuishi bila kupanga foleni.

(d) Ikishindikana yote hayo, Bwana Kamau na wenzake wapigwe marufuku kuuliza maswali, waruhusiwe kukisia tu. Mtu akikisia kuhusu sisi hukosea mara chache kuliko akituuliza.

Nakushukuru kwa subira yako. Nisalimie wahariri wasaidizi, mafundi wa mitambo, mlinzi wa getini, na familia yako yote hadi shemeji walio mbali. Waambie sisi huku hatujambo.

Wako katika ujenzi wa mashirika bora,

Zephaniah,
Meneja wa Uendeshaji (hadi mwisho wa mwezi).

N.B. Kabla sijaifunga barua hii, Bwana Kamau ameingia ofisini kwangu na nakala ya mwisho ya ripoti, ambayo bado haijasainiwa. Amefunga mlango, amefunga na kompyuta yake. Ameniambia kwamba amekuwa akiniangalia wiki nzima, kwamba haamini hata neno moja nililomwambia tangu aje, na kwamba nikisema tu kuwa naitaka kazi yangu, ukurasa ule wa kufuta cheo changu atauchana mbele ya macho yangu.

Ndugu Mhariri, nina miaka hamsini na sita, na hajatokea mtu aliyenikalisha kitako akaniita mwongo. Tena kijana! Nilimjibu kwa upole kwamba mimi nikisema jambo nimelisema, kwamba siitaki kazi hiyo, na nikamwazima kalamu yangu aisaini ripoti. Naomba basi barua hii msiichapishe. Badala yake wakumbusheni washauri kwamba mtu mzima akisema, huaminiwa.

Nimeshafika nyumbani. Mke wangu ameniuliza habari za kazi. Nimemwambia nzuri.