Laptopu Moja, Stika Tatu

Jumatatu, 3 Machi 2025
Wazo limenijia! Kampuni kubwa za kompyuta hazimuuzii mtu kompyuta. Zinamuuzia cheo: hii ya mwanafunzi, hii ya ofisi, hii ya bosi. Mimi, dukani kwangu hapa mjini Kabati, nina laptopu za aina moja tu, zote nyeusi, zote zimetumika, na zimedoda. Ng'ambo ya barabara, Fahima anauza zake kwa kumuuliza tu mteja anataka ya kufanyia nini. Ushamba! Nimechapisha stika: MWANAFUNZI, MWALIMU, MKURUGENZI. Bei inapanda kufuata stika. Mke wangu, Nthenya, ameuliza ndani kumebadilika nini. Nimemwambia hajui biashara.

Jumatano, 5 Machi
Ushindi! Mwalimu Kaluki kachukua MWALIMU bila swali. Pasta Musembi kaipakata MKURUGENZI kama mtoto mchanga, akalipa. Fahima alikuwa mlangoni kwake akiona yote. Nimempungia mkono.

Jumapili, 9 Machi
Balaa! Baada ya ibada, wawili hao waliweka laptopu zao meza moja. Pacha! Wakanijia hadi nyumbani. Pasta akasema nimemdanganya mtumishi wa Mungu. Kumbe Mwalimu Kaluki ana lake. "Mimi ni naibu wa mkuu wa shule," akafoka. "Kwa nini nipewe stika ya mwalimu wa kawaida?" Nikabandua, nikambandikia MKURUGENZI. Pasta akakataa kulingana naye. Nikamwandikia ASKOFU. Wameondoka wakitabasamu!

Jumanne, 11 Machi
Foleni mlangoni! Kinyozi anataka MKURUGENZI. Muuza mitumba anataka DAKTARI. Ila wote wamebeba laptopu za Fahima. Anawauzia, kisha anawaelekeza kwangu wakabandikiwe. Nthenya anasema Fahima anauza kompyuta, mimi nauza karatasi. Haoni mbali! Fahima sasa ananitafutia wateja, na mshahara simlipi.

Ijumaa, 14 Machi
Nimemmaliza! Fahima kanunua laptopu zangu zilizobaki, kwa bei ya kutupa. Yeye kabeba mizigo, mimi nimebaki na ubunifu. Moja nimejiwekea. Ilikuwa inachelewa kuwaka, jamani, unaweza kuchemsha chai na kuimaliza. Leo nimeibandikia RAIS.

Naapa, imewaka haraka.