Faili Mbili, Benchi Moja

Jumatano, 19 Februari 2025

Mchungaji Nzioka amepita dukani kwangu hapa Sultan Hamud. Jumapili ni shukrani ya mavuno kanisani Kasikeu, na anataka maneno ya nyimbo yaonekane ukutani. Nikamwambia amefika: nimeandika programu ya nyimbo mwenyewe, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, na imekamilika. Haijakamilika. Chege, anayeuza simu ng'ambo ya barabara, akadakia kwamba kompyuta yake ni mpya na huwaka bila maombi. Mchungaji alicheka. Akasema Jumapili itaonyesha nani akabidhiwe ukuta moja kwa moja. Ukuta ni wangu!

Alhamisi, 20 Februari

Nimeanza kwa utaratibu, kama kawaida yangu. Chai. Kufuta vumbi. Kisha pakiti za Python, vifurushi vya faili zilizoandikwa na wengine, ambazo programu yangu inazihitaji. Kompyuta yangu ina programu inayosimamia pakiti zote na kujua kila faili ni ya nani. Mimi huiita Meneja. Leo Meneja amegoma. Mahali anapotaka kuweka faili, pana nyingine ya jina hilo hilo, na hajui ililetwa na nani. Ililetwa na mimi. Niliipitisha mlango wa nyuma mwaka jana, bila kumwambia Meneja, nikiwa na haraka.

Nikampigia binamu yangu Syombua wa Makindu, anayefanya kazi ya kompyuta. Kwanza alicheka. Kisha akasema niiondoe ile ya mlango wa nyuma, nimwache Meneja aweke yake, na programu yangu niijengee chumba chake, mahali pa kuweka pakiti zake peke yake. Akaniuliza: kwaya ya akina mama wakikuta vijana wamekalia benchi lao, nitawahamisha vijana, au nitawakalisha akina mama juu yao? Nikasema nimeelewa.

Lakini kuhamisha ni kazi ya mchana kutwa. Na kuna amri ya kumlazimisha Meneja afunike faili zote zilizopo kwa zake. Neno moja tu!

Ijumaa, 21 Februari

Nimelazimisha. Hakulalamika hata kidogo! Wimbo wa kwanza ukatokea mkubwa kama lori. Nikavuka barabara kumpa Chege habari. Akasema, "Hongera, injinia," kwa sauti nisiyoipenda.

Jioni. Nimetaka kuongeza pakiti ya herufi za kupendeza. Meneja haamki. Nimeamuru tena. Haamki. Kumbe Meneja naye ameandikwa kwa Python, na faili nilizofunika ndizo alizokuwa amezikalia. Nimemwondolea benchi Meneja mwenyewe.

Jumamosi, 22 Februari

Syombua amekuja. Hata mkoba hajautua, akauliza akina mama wamekaa vizuri? Mke wangu Mumbua akacheka mpaka chozi likamtoka. Hawa wawili nisiwakutanishe tena.

Ametoa faili zangu, amerudisha za Meneja, ameijengea programu chumba. Nikampa kuku. Akasema kuku sawa, lakini angependelea kiapo. "Kiema, usiguse kitu mpaka ibada iishe. Hata kipanya usikisogeze." Nimeapa.

Jumapili, 23 Februari

Nilifika mapema. Chege alikuwepo na kompyuta yake mkobani, amekuja "kumwombea jirani." Kila kitu kilifanya kazi. Vizuri mno, hata ukuta ukaonekana mtupu. Ndipo nikapata wazo: picha za punje za ndengu zidondoke polepole kando ya maneno. Si ni mavuno? Pakiti moja ndogo! Meneja akasema faili ya jina hilo tayari ipo chumbani mwa programu. Kwaya walikuwa wanasimama. Nikalazimisha.

Ukutani yakatokea maneno niliyoyaandaa mwenyewe kwa ajili ya dharura: PAKITI HAIPO. MWITE FUNDI. Kanisa zima likayasoma kwa sauti, kama ubeti wa kwanza. Mama Nduku, benchi la mbele, akaitikia, "Amina!" Kisha akageuka: "Aiya! Na fundi si ni huyu?"

Akaanzisha wimbo mwenyewe. Wote wanaujua tangu utotoni. Ulipoisha, Chege alikuwa ameshaunganisha waya kwenye kompyuta yake.

Jumatatu, 24 Februari

Mchungaji ametumia maneno ya upole. Ukuta ni wa Chege. Mimi ni msaidizi, kwa sababu programu ya nyimbo bado ni yangu.

Asubuhi Chege ameniletea kompyuta yake niiweke programu humo. Ameuliza mara mbili kama najua ninachofanya. Nimeifungua: faili mbili zinagombea mahali pamoja! Syombua anapiga simu. Sijapokea, asije akahangaika bure. Nimekaa nikafikiri, na kosa nimeliona. Nililazimisha kwa haraka.

Leo nitalazimisha polepole.