Ombi la Kurudishiwa Ngazi Tatu za Mlangoni

Kwa Fundi Seremala uliyeirekebisha nyumba ya Mama,

Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe, randa yako na mkeo uliyemsifia mchana kutwa huku ukipiga misumari. Mimi si mzima sana, na mwenye kosa ni wewe.

Nakiri kwamba nilikuita mwenyewe, ili mama wa miaka sabini na tisa mwenye magoti mabovu aweze kuzunguka nyumbani kwake. Ulimwambia atembee kutoka kitandani hadi uani, ukamfuata na chaki, ukiweka alama kila alipotua mkono. Hata uliponichora chaki begani, kwenye koti langu jeusi, eti hapo ndipo anaposhika kuliko ukutani, nilinyamaza. Leo sinyamazi.

Mimi, Fundi, ni mwandishi wa makala kali. Wasomaji wangu hunijibu kwa matusi. Msikilizaji ninaye mmoja tu, Mama, naye alinisikiliza kwa sababu alikuwa ameshika bega langu na hakuwa na pa kukimbilia. Sasa tazama ulichofanya.

1. Safari ya chumbani hadi bafuni ilichukua dakika kumi na moja. Hoja niliianzia kitandani, nikaijenga koridoni, nikaihitimisha mlangoni mwa bafu. Tangu ufunge vile vishikio vya ukutani, anafika kwa dakika mbili. Juzi nilimpoteza kwenye aya ya pili. Alisema, "Endelea tu, baba, nakusikia," akafunga mlango na kufungulia maji.

2. Kiti cha choo umekiinua. Zamani aliniita nimwinue, nami nilifika na makala mkononi. Siku hizi anainuka mwenyewe na kutoka akiimba.

3. Ngazi tatu za mlango wa mbele umezifukia chini ya mteremko wa saruji. Kila ngazi ilikuwa kituo cha kupumzika, na kila kituo kilinitosha kumsambaratisha mpinzani mmoja. Nani alikupa mamlaka ya kufuta vituo katika hoja za mtu? Sasa Mama anateremka na mkongojo wake hadi kwa jirani yetu mshonaji, ambaye sifa yake kubwa, kwa maneno ya Mama, ni kwamba haandiki.

4. Swichi za taa umezishusha hadi usawa wa kiuno chake. Jumanne jioni nilikuwa katikati ya sentensi kuhusu ujinga wa taifa, akapita, akazima taa. Alisema alidhani nimemaliza. Sijawahi kumaliza kitu chochote kabla ya ukurasa wa nne, na yeye anajua.

5. Kwenye mlango wa uani umeacha kidato kimoja cha ngazi, hakina mteremko wala kishikio, na alama ya chaki ipo mpaka leo. Pale Mama bado hulazimika kunishika bega. Naam, kinanifaa. Lakini uzembe ni uzembe hata unapomnufaisha mlalamikaji, na fundi anayejiheshimu humaliza kazi.

Kwa hiyo nadai, ndani ya siku saba, unirudishie ngazi zangu tatu na kuongeza mbili za fidia. Kiti cha choo kishuke. Korido irefushwe, hata kwa kuizungusha sebuleni. Ukikataa, nitaandika makala ya sehemu sita dhidi ya useremala wote, kisha nitakuja karakanani kukusomea ukiwa umeshikilia mbao kwa mikono miwili.

Nisalimie mkeo, watoto, na yule mwenzako wa kupaka rangi, ambaye mlango aliotupakia unanata hadi leo.

Wako, asiyeshindwa kwa hoja,
Mwana wa mwenye nyumba

NB: Kabla ya kufunga bahasha nilimpa Mama barua hii. Ameisoma yote akiwa amesimama, mkono mmoja kwenye kishikio chako. Anasema kidato cha uani hukukisahau. Ulikuwa umeshachanganya saruji, naye akakukataza: "Hapo paache, Fundi. Hapo nina mtu wangu wa kushika." Basi usije na nyundo. Ameongeza kwamba kidato chenyewe ni kimoja tu, kwa hiyo na makala ziwe fupi.