Sarafu ya Chini ya Nati

Jumatatu, 4 Machi
Utajiri ulikuwa jikoni miaka yote! Nakausha vyombo vya mama, naona kwenye mfuniko wa sufuria kubwa, chini ya nati ya kishikio, sarafu. Ya zamani. Tundu katikati, nyeusi tii. Marehemu baba aliifanya washa, kile kibati cha kukazia nati. Baba bwana! Nimeifungua, nimeweka kipande cha kandambili badala yake. Mama hatajua. Nikiuza namletea masufuria mapya, mimi nabaki na mtaji. Biashara gani? Itajulikana hela ikifika.

Jumanne, 5 Machi
Kaja shemeji, mume wa dada. Naye hukusanya sarafu. Anazo tatu, kila moja na bahasha yake, anazishika pembeni kwa vidole viwili kama za moto. Nikamwonyesha yangu kidogo, roho imuume. Akauliza nimeitoa wapi. Nikasema safarini. Mimi, ambaye safari yangu ndefu ni mpaka kwa kinyozi! Akanisihi nisiioshe, hata kwa maji. Wivu huo. Nani ananunua kitu kichafu? Alipoondoka nikaingia kazini: ndimu, majivu, waya wa kusugulia masufuria. Inang'aa mpaka najiona pengo.

Alhamisi, 7 Machi
Duka la vitu vya kale. Mwenye duka tunamwita Lenzi, kwa hicho kioo anachobandika jichoni. Katandika kitambaa, kaishika pembeni, kasoma mwaka, kageuza, kasoma herufi ndogo chini ya mwaka. Kavua kioo jichoni. Nikajua anapanga bei. Kumbe anasikitika. Mwaka huo ni adimu, kasema, ila ule weusi ndio ulikuwa ngozi yake, na mimi nimemchuna mzima mzima. Mikwaruzo ya waya haina dawa. Ingekuja chafu angenipa hela ya maana. Nikamuuliza, na sasa je?
"Sasa ni washa, ndugu yangu. Washa nzuri, lakini washa."
Nikaomba basi bei ya washa. Kanifungulia mlango.

Ijumaa, 8 Machi
Mvuke umeilainisha kandambili, ikasinyaa. Mama kanyanyua mfuniko, kishikio kimebaki mkononi, mfuniko chini, maharage yananuka mpira. Dada hakuuliza ni nani. Kanigeukia moja kwa moja.
Nikatoa sarafu mfukoni. Mama hakugomba. Afadhali angegomba. Kaigeuza kiganjani, kaisogeza dirishani, kama anamtafuta mtu ndani yake. Akasimulia siku waliyohamia hapa, kishikio kikachomoka, baba akapapasa mfukoni akatoa hiyo, akasema wataitoa wakinunua mfuniko mpya. Hawakununua. Kila siku ya kupika, mkono wake ama wa baba ulikuwa hapo.
"Ule weusi ulikuwa wetu sisi wawili, mwanangu. Na wewe ukauosha."
Nimeirudisha, nimekaza nati mwenyewe. Wote wametoka, mimi nimebaki jikoni nautazama mfuniko. Mkuukuu, umebonyea, na hapo katikati kitu kinameremeta kama mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba. Sikuwa na mzaha wowote wa kusema. Mimi!

Jumapili, 10 Machi
Nimewaza sana. Shemeji alinishauri kwa moyo safi, nikamwita mwenye wivu. Hilo limenikaa rohoni. Na kosa langu nimelipata: waya. Waya unakwaruza, Lenzi mwenyewe kasema. Ndimu haikwaruzi, ndimu ni maji tu yenye hasira. Kumbe tangu mwanzo ningetumia ndimu peke yake!
Leo shemeji kaja kula, kasahau bahasha zake mezani. Nimeona hapa ndipo pa kumlipa wema. Zote tatu ziko kwenye bakuli, ndimu sita, bila waya. Nimezitumbukiza kwa kuzishika pembeni, kama anavyotaka mwenyewe.
Kapiga simu, yuko njiani anazifuata. Mtu mzima atalia leo.