Mwanafunzi Anayegombewa

Jumatatu, 5 Agosti

Nimefaulu eksetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Asilimia hamsini na nane. Habari imetolewa na Divine, mdogo wangu, aliyesoma ujumbe kwenye simu yangu bila ruhusa kisha akautangaza barabara nzima. Mama alipiga vigelegele. Papa aliuliza kama ni hamsini na nane juu ya mia.

Nikamwagiwa poda kichwani, kama ilivyo desturi kwa aliyefaulu. Jirani yetu Pitchou naye kafaulu, sitini na moja. Poda yake ilikuwa nyingi kuliko yangu. Niliona.

Nitasoma gestion, elimu ya kusimamia biashara. Hilo halina mjadala. Ni muda sasa nasoma matangazo ya vifo na ya mbuzi waliopotea kwenye redio ya mtaa hapa Kimanga, kwa hiyo soko nalijua. Kilichobaki ni kuchagua chuo. Vile vidogo vya karibu sivitaki. Nataka chuo kikuu cha serikali, kikubwa, chenye watu wengi hivi kwamba profesa hawezi kukujua jina. Wakubwa wote wametoka huko.

Jumatano, 7 Agosti

Siku ya utafiti. Nimemhoji Muhire, aliyerudi likizo kutoka mwaka wa tatu wa chuo kikuu. Nilimuuliza kuhusu maprofesa, maktaba na kazi baada ya shahada. Yeye akaniuliza nitalala wapi.

Nikarudia swali. Akarudia la kwake. Kwa mujibu wake, vyuo vikubwa vyote ni ndugu: ukumbi unajaa, wa nyuma husikia nusu ya somo, nusu nyingine huiazima kwa wa mbele. Tofauti ni moja tu. Mwenye jamaa mjini humaliza. Asiye na jamaa hurudi na godoro kichwani. “Weye hauchague chuo,” alisema. “Unachagua nyumba.”

Kijana hana upeo. Hata hivyo, nilipofika nyumbani niliwapanga jamaa zetu.

Lubumbashi: baba mdogo Félicien, mtu wa forodha, nyumba ya matofali. Wataalamu wa gestion wanatakiwa na migodi. Kinshasa: tantine Louise, dada yake Mama, yuko wizarani. Wataalamu wa gestion wanatakiwa na mawaziri. Bujumbura: shangazi Inamahoro, ng'ambo tu ya mpaka. Anacho chumba nyuma ya jikoni, chenye magunia ya maharagwe.

Bujumbura nimeifuta. Mtu haendi chuo kikuu mahali ambapo mama yake anaweza kumletea sombe, mboga ya kisamvu, ingali moto.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimepiga simu zote mbili.

Baba mdogo Félicien alisema nije tu, godoro iko. Nitalala na wanawe wanne na jioni nitawafundisha hesabu. Tantine Louise naye alisema nije tu. Nitalala sebuleni kwenye kiti kirefu, wageni wakishaondoka. Kwake wageni huondoka wakichoka.

Hakuna aliyetaja chumba changu mwenyewe. Hakuna aliyetaja ordinateur, hata kompyuta kuukuu. Hii ndiyo heshima ya hamsini na nane?

Lakini kuna kitabu cha uchumi nilichoazima parokiani. Ukurasa wa tisa unasema kitu kimoja kikitakiwa na wanunuzi wawili, bei hupanda. Nimekisoma hadi hapo na inatosha. Félicien ni mnunuzi. Louise ni mnunuzi. Mimi ndiye kitu.

Nilimweleza Divine kwa sababu lazima mtu mmoja ashuhudie mwanzo wa mambo makubwa. Akaangalia juu, akaangalia chini, akasema: “Yaya, kaka yangu, kwa kitu, uko kitu kweli.”

Jumapili, 11 Agosti

Nimetuma jumbe mbili za sauti baada ya ibada. Nilitumia sauti yangu ya redio, ile ya vifo vya watu wazito.

Kwa Félicien: kwamba nasikitika sana, lakini tantine Louise ananing'ang'ania, ametenga chumba na ordinateur mpya, nami bado natafakari. Kwa Louise: kwamba nasikitika sana, lakini baba mdogo Félicien ananing'ang'ania, ametenga chumba na ordinateur mpya, nami bado natafakari.

Si uongo. Ni mapendekezo yao, kabla hawajayatoa.

Jumanne, 13 Agosti

Majibu yamefika.

Félicien: sauti ndefu, yenye kicheko. Alisema Mungu ni mukubwa. Alisema alikuwa hapati usingizi akijiuliza huyu kijana atamweka wapi, kwani wale wanne tayari wanapigana mateke usiku. Alisema Louise ni mwanamke wa roho nzuri na nisimchoshe. Nyuma yake mke wake alisikika akiimba wimbo wa kwaya.

Louise: maandishi, na mikono mingi ya kushukuru. Alisema siku zote alijua Félicien ni muntu, si kama shemeji wengine. Akanitakia safari njema ya Lubumbashi.

Nilimpa Divine asikilize na asome. Akasema mbona wanafurahi. Nikamweleza kwamba mnunuzi hodari haonyeshi hamu. Ukienda sokoni Sange ukautazama mchele kwa tamaa, umekwisha. Hawa wanautazama mchele kwa dharau. Maana yake wanautaka sana.

Nasubiri wapandishe.

Alhamisi, 15 Agosti

Hawajapandisha. Kimya cha kutisha. Wamejikaza.

Inahitajika shahidi wa nje. Nimemchagua Pitchou. Mama yake na mke wa Félicien wamekulia uwanja mmoja huko Sange, kwa hiyo neno lake litaaminika. Nilimwomba ampigie mke wa Félicien amsalimie, kisha katikati ya salamu liponyoke neno kwamba watu wa Kinshasa wako karibu kumbeba Chadrack, yaani mimi.

Pitchou aliuliza kwa nini nisiombe tu hicho chumba. Nilimhurumia. Yeye pia anataka gestion, yeye pia anataka Lubumbashi, lakini hana jamaa huko hata mmoja. Mwaka huu atabaki nyumbani. Nikamwambia, kwa upole, kwamba akinitazama anaweza kujifunza kitu.

Jioni akaniambia amesema neno kwa neno. Mvulana mtiifu. Ningekuwa na kampuni ningempa kazi ya chini.

Jumamosi, 17 Agosti

Pitchou anakwenda Lubumbashi. Chanzo: mama yake, aliyekuwa akicheza barabarani bila muziki.

Nilimtafuta. Nikamkuta anapiga pasi shati, ametulia kama mtu asiye na dhambi. Alieleza hivi. Alimpigia mke wa Félicien. Akamwambia Chadrack anachukuliwa na Kinshasa. Mama yule akasema ndiyo, wamesikia, Bwana apewe sifa. Kisha akauliza: “Na weye mutoto ya Sange, unaenda wapi?” Akajibu haendi popote. Akaambiwa godoro la Chadrack iko, na wale wanne wanahitaji mtu wa hesabu.

Nilimwambia ni msaliti. Akashangaa kweli. “Minye nilisema vile uliniambia! Yeye njo aliuliza!”

Hakupanga chochote. Hilo ndilo linaloumiza. Mtu anapata kitanda Lubumbashi bila hata njama moja!

Halafu akaniomba valizi yangu ya safari. Alisema Kinshasa tantine ataninunulia nyingine. Nimempa. Ningekataa, angeshuku.

Hali bado nzuri. Mnunuzi mmoja ametoka sokoni. Amebaki Louise, tena bila mpinzani.

(Ukurasa wa kumi wa kile kitabu unaeleza kinachotokea mnunuzi akibaki peke yake. Sikuupenda. Nimekirudisha kitabu.)

Jumanne, 20 Agosti

Balaa limetokea kwenye kundi la familia la WhatsApp. Mama alilisoma kwa sauti, akidhani ni habari njema.

Louise alianza. Alimshukuru Félicien mbele ya ukoo wote kwa kumpokea mutoto wetu Chadrack. Félicien akajibu kwamba shukrani ni zake Louise, aliyemchukua Chadrack. Louise akasema asijifanye mnyenyekevu. Félicien akasema yeye si mnyenyekevu, yeye ameshampa mtu mwingine godoro. Louise akaandika: “Beau-frère, shemeji yangu, kwani mutoto iko kwa nani?”

Wajomba watatu wakaweka alama ya kuuliza.

Mama aliacha kusoma. Alinitazama. Kisha akarudi kwenye kinu chake akaendelea kutwanga sombe. Hakunitukana. Ningependa anitukane. Mwaka mzima amekuwa akiamka mapema kupanga samaki wa ndagala mezani kule sokoni ili mimi nipate shahada, nami najua hivyo, na yeye anajua kwamba najua.

Nilipiga simu haraka. Félicien alicheka hadi akakohoa. Akasema mlango wake uko wazi, lakini sakafu imejaa. Tantine Louise hakucheka. Kiti kirefu amempa binti wa mchungaji wake tangu Jumapili, na binti wa mchungaji hatolewi. Kuhusu ile ordinateur aliuliza kama Félicien ana mbili, amtumie moja.

Papa alizungumza wakati wa kula. Ni mtu wa maneno machache, na leo hakuyaongeza. Kuandikishwa vyuoni kunafungwa karibuni. Jumatatu tarehe 26 yeye anapanda kwenda shambani Bwegera, mpunga unaiva na ndege wameanza. “Kama hadi siku hiyo hauna kitanda kwa mutu, tunaenda wote. Utafukuza ndege. Mwaka ujao tutaongea.”

Mwaka ujao! Mwaka ujao Pitchou atakuwa mwaka wa pili. Atarudi na miwani. Atasema “chez nous à la fac”, yaani kwetu chuoni. Nitakuwa nimesimama kwenye maji, nikipiga debe, nikipigia kelele ndege.

Sijalala vizuri, na bado ni mchana.

Jumamosi, 24 Agosti

Nimeokoka!

Shangazi Inamahoro alivuka mpaka asubuhi kwa ajili ya vitenge. Mama alimweleza yote, pamoja na sehemu ambazo nilidhani yeye hazijui. Shangazi alikula ugali na samaki bila haraka, akanawa mikono, ndipo akaniita.

Kwa mujibu wake: chuo kikuu cha serikali cha Bujumbura, ni kikubwa, gestion iko. Amekwisha kupita huko Alhamisi kuulizia, kwa sababu yeye, alisema, hutumia mdomo kuuliza. Makaratasi yangu yanahitajika Jumatano. Chumba nyuma ya jikoni iko. Maharagwe yatabaki, nitalala kando yao. Chakula nitakula wanachokula.

Hakuomba kitu. Hata hesabu za watoto hakutaja.

Kisha akasema: “Chadrack, weye unaongea sana. Kuja Jumatatu. Minye sibembeleze muntu. Ukisema neno lingine, kuna mupangaji anataka kile chumba, nitamupa.”

Nilisema asante. Neno moja tu, nahesabu kama ushindi. Papa alimshika mkono shangazi kwa muda mrefu, akamsindikiza hadi kwenye taksi. Mama aliingia ndani, akatoka na shuka mpya iliyokuwa ikisubiri wageni wa heshima. Akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya vitu vyangu.

Divine alisema ni siku ya kwanza ananiona nimenyamaza na inanipendeza.

Jumapili, 25 Agosti

Nimetulia, nimetafakari.

Kosa halikuwa mpango. Mpango ulikuwa sahihi. Kosa ni kwamba Félicien na Louise wanajuana. Huwezi kuwashindanisha watu wanaosalimiana. Ningeliona hilo mapema, leo ningekuwa na chumba Lubumbashi na mlango wenye ufunguo.

Tena nimeona jambo ambalo wengine hapa nyumbani hawakuliona. Shangazi alikubali haraka mno. Alikwenda chuoni kuulizia kabla hajaombwa! Hiyo ni hamu. Alitaja mpangaji, na hiyo ni mbinu ya zamani, mtoto wa Kimanga haiogopi. Mtu mwenye hamu kiasi hicho anaweza kuyahamisha maharagwe.

Sasa, Kisangani kuna chuo kikubwa cha serikali na gestion iko. Ukoo wetu hauna mtu Kisangani hata mmoja. Hakuna atakayemuuliza mwenzake.

Nilimtumia shangazi sauti baada ya misa ya pili. Fupi, ya heshima. Kwamba nasikitika sana, lakini kuna profesa mmoja wa Kisangani ananing'ang'ania, ametenga chumba kisicho na maharagwe, nami bado natafakari. Alama mbili zimegeuka bluu. Amesikiliza. Hajajibu, maana yake anapiga hesabu.

Kesho, Jumatatu tarehe 26, saa tatu asubuhi, nitampigia kumpa masharti. Papa anaondoka na gari la Bwegera saa hiyo hiyo. Amepita mlangoni sasa hivi, simu yake mkononi, akaniuliza navaa buti za mpira namba gani. Nimemwambia arobaini na mbili. Sijui anataka kumnunulia nani.