Upande wa Kushoto Umelala

Leo nimeumbuka. Naandika nikiwa intaneti kafe hapa Themi kwa sababu nyumbani bado wanacheka.

Mnaijua ile ampli ya gramafoni niliyoiunda mwenyewe, yenye taa za kioo za kukuza sauti kama redio za zamani (nimewasumbua nayo humu vya kutosha). Leo ilikuwa siku yake. Nilimleta baba mkwe kwa pikipiki kutoka Tengeru, baridi ya Julai inatupiga usoni, amekumbatia santuri ya kwaya ya kanisani kwao. Marehemu mama mkwe aliimba humo. Tangu soko huria litujazie kaseti na sidii, mzee hakuwa na pa kuipigia. Hakuwa ameisikia sauti ya mkewe tangu tumzike.

Nikawasha. Taa zikawaka rangi ya makaa, mzee akazitazama kama yuko ibadani. Kwaya ikaanza. Kulia safi. Kushoto, sauti ndogo mno.

"Samahani baba, upande wa kushoto umelala."

"Mbona mimi nasikia vizuri, mwanangu?"

"Ni umri, baba. Masikio nayo huchoka." (Ndiyo. Nilimwambia hivyo baba mkwe.)

Nikazima. Nikahamisha taa, ya kulia kushoto, ya kushoto kulia. Taa ikiwa mbovu, ugonjwa unahama nayo. Haukuhama. Nikabadilisha nyaya, kisha spika. Bado kushoto. Mzee ameshika kikombe, chai imepoa, macho kwenye santuri yake. Roho iliniuma. Nikaanza kufungua skrubu zote.

Mke wangu akaingia na chupa ya chai, akasimama kushoto kwangu.

"Baba Eliya, hiyo pamba sikioni ni ya nini?"

Nikagusa. Pamba ya kuzuia upepo wa pikipiki. Ya kulia niliitoa njiani ili nimsikie mzee.

Mzee akaweka kikombe chini. "Lile sikio lenye umri ni lipi, mwanangu?"

Nikaitoa pamba, nikafunga skrubu, nikaipiga santuri tena. Jamani. Mama mkwe alianzisha wimbo kutoka kushoto kabisa, pale kwenye kabati la vyombo, ungesema amesimama hapo na kitenge chake. Mashine nimeiunda kwa mikono hii na sikujua ina uwezo huo. Mzee alisimama, akavua kofia, akabaki hivyo mpaka wimbo ukaisha. Hakuna aliyecheka wakati ule (walianza baadaye).

Nanyi msicheke, tafadhali. Mtu akiuliza niliutengenezaje upande wa kushoto, mwambieni nilitoa kipande kimoja tu.