Macho Yangu ya Harusi

Leo nimeadhirika. Nasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa wenzangu kazini, maana wao watatia chumvi.

Mnajua naendesha damper, lile lori la kubebea mawe, kwenye machimbo ya kokoto huku Kilosa. Miaka kumi na tisa niko kwenye usukani, ukihesabu na ile ya kubeba miwa kule Kidodi. Breki ikianza kuchoka naijua kwa harufu! Sasa wakubwa wametufungia kamera mbele ya usukani. Kazi yake kututazama macho. Ukisinzia inapiga kelele: "Dereva, amka!" Sauti ya kike, kavu, haina hata shikamoo. Na kila ikipiga kelele, ofisini unaandikiwa onyo.

Shida ni kwamba macho yangu ni madogo. (Ya kurithi. Babu yangu wa Zombo alizikwa watu bado wanabishana kama amefumba.) Nikicheka, "Dereva, amka!" Nikitazama jua, "Dereva, amka!" Nikipiga chafya ndiyo kabisa. Hadi jana nilikuwa na maonyo tisa, na leo ndiyo ilikuwa siku ya kuchagua dereva mmoja wa kuwafundisha wenzake malori mapya. Nafasi hiyo niliitaka kwa udi na uvumba, maana mwenye maonyo mengi angerudishwa darasani ofisini. Mimi nifundishwe kazi na Ritha, binti wa ofisini aliyetoka chuoni juzi, anayelijua lori kwa kulitazama kwenye skrini? Thubutu!

Basi asubuhi nikapata akili. (Niliita akili.) Kamera si inataka macho yaliyo wazi? Nitaipa. Nikapekua picha zangu zote za pasipoti: kote nimelala. Picha pekee niliyofumbua macho ni ya harusi, iliyo ukutani sebuleni, maana siku ile mpiga picha alinifokea, "Bwana harusi, fumbua!" mpaka nikafumbua. Mama Zuhura, mke wangu, alishatangulia kwenye geti la machimbo, anakouza chai na chapati. Nikachukua mkasi, nikajikata mimi. Yeye nikamrudisha kwenye fremu, peke yake. (Alipendeza tu.)

Nilipofika kazini nikaibandika picha kwa selotepu mbele ya kamera. Kimya! Tripu ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Nikacheka nitakavyo, nikapiga chafya mbili za makusudi.

"Amka mwenyewe!" nikaiambia.

Mashine ya mamilioni inadanganywa na bwana harusi wa karatasi! Halafu eti hiyo ndiyo akili ya kuja kututoa sisi kazini.

Saa nne mtambo wa kupakia mawe ukaharibika. Tukaambiwa tusubiri. Nikaacha injini inanguruma kwa ajili ya kiyoyozi, nikapunguza sauti ya redio ya upepo, ile ya kuitana na ofisi, nikajiegesha kidogo. (Sawa, nililala.)

Kumbe Ritha yuko ofisini anatazama skrini. Dereva namba nne tangu asubuhi hajapepesa hata mara moja! Mwanzoni alidhani kifaa kina hitilafu. Lakini sasa lori limesimama, ananiita redioni siitiki, na macho nimeyatoa vilevile. Akapiga king'ora.

Nilishtuka mlango unafunguliwa, watu wananivuta miguu. Machela iko chini. Meneja amevua kofia. Na nyuma yao Mama Zuhura, mikono imejaa unga, analia: "Baba Zuhura wangu! Unaniacha na nani?"

"Nipo! Nipo jamani, nilikuwa nimelala tu!"

(Ndiyo. Nilikiri mwenyewe, mbele ya meneja.)

Ritha akapanda, akaingiza kichwa ndani, akaibandua picha. "Shikamoo, Baba Zuhura," akasema kwanza. (Adabu anayo, lazima nikiri.) "Kumbe niliyempigia king'ora ni huyu?"

Machimbo mazima yakaangua kicheko. Mama Zuhura akaipokea ile picha, na kilio chake kikakatika hapo hapo. Akaitazama. Akaigeuza. Akaitazama tena. Begani kwangu, pale pichani, kulikuwa kumebaki mkono mmoja, umepakwa hina mpaka kwenye kiwiko.

"Huu mkono ni wangu," akasema taratibu. "Mimi mwenyewe niko wapi?"

Nilikuwa bado nimekaa kwenye kiti cha dereva, macho chini kwa aibu. Na kamera, sasa haina cha kuiziba, ikaniona.

"Dereva, amka!"

Ualimu kapewa mwingine. Mimi kuanzia kesho nafundishwa upya, na mwalimu wangu ni Ritha. Sasa hivi nimekaa barazani naandika haya. Mama Zuhura amesimama mlangoni, kipande cha picha mkononi, ananitazama. Hapepesi.

Mashine niliizuga kwa picha ya harusi. Huyu nitamzuga kwa nini, na picha yenyewe ndiyo hiyo kaishika? Msinicheke.